Kompyuta inayojizima ovyo: anza na daftari kabla ya bisibisi

Mwanafunzi alikuwa amesimama mbele ya kaunta yangu, ripoti yake ya kurasa themanini na kitu ikiwa wazi kwenye kioo. Alikuwa ametoka kusahihisha jina la msimamizi wake na kupanga upya majedwali mawili. Akaniambia, "Mama, sasa nitolee kopi tatu." Nikabonyeza. Printa ikaanza kuunguruma, kompyuta ikazimika. Haikuleta ujumbe, haikuganda. Ilizimika kama mshumaa uliopulizwa, na majedwali yale yakaenda nayo. Binti wa watu hakunilaumu. Alivuta benchi akakaa, akaanza upya, na mimi nikawa siwezi kumtazama usoni.

Hiyo ilikuwa mara ya tisa au ya kumi mwezi ule. Nina steshenari ndogo Nyegezi jijini Mwanza, upande wa kwenda Malimbe, na mashine yangu kuu ni kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, prosesa ya Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya kazi ya muda) ya GB 4. Ni ya zamani, ila kwa kuchapa barua, CV na ripoti inatosha kabisa ikiwa nzima. Nilihangaika nayo karibu miezi mitano. Naandika kwa sababu wenzangu wengi wa kazi hii, kuanzia Igoma hadi Kirumba, wana mashine kama hizi, na wanatoa pesa ile ile niliyoitoa mimi kwa dawa isiyogusa ugonjwa.

Dawa yenyewe ni kupiga windo, yaani kuweka upya mfumo wa Windows. Fundi alipiga ya kwanza kwa 15,000, nikakaa siku nne kwa amani, ya tano mashine ikazimika. Nikamrudishia, akapiga ya pili, na safari hiyo haikumaliza hata siku moja. Simsemi vibaya, maana mashine ikiwa mezani kwake ilifanya kazi kutwa nzima bila kutetereka. Jibu lilikuwa hapo hapo na sikuliona: kwake inapona, kwangu inaugua. Windo ni ile ile kote kuwili. Kinachobadilika ni soketi, waya, hewa, na vitu vilivyochomekwa kando yake.

Windo mpya hutibu kilichoharibika ndani ya programu, kama faili la mfumo lililopotea, draiva (programu zinazoendesha vifaa kama printa) zisizopatana au kirusi. Feni iliyokwama haiijui. RAM yenye kasoro haiijui. Umeme unaoyumba ndani ya kasha haiuoni kabisa. Na kila inapopigwa bila uangalifu, kazi za wateja zilizokuwa kwenye diski hiyo zinaweza kufutika.

Kwa hiyo kabla ya yote, toa kazi za watu humo. Nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine mtandaoni au kwenye kompyuta tofauti. Mashine inayokufa ghafla mara kwa mara inaweza kuharibu faili lililokuwa linaandikwa wakati huo, na diski yenyewe ina umri. Halafu fungua mipangilio ya Word, sehemu ya kuhifadhi. Isipobadilishwa, Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na majedwali ya yule binti yalipotelea ndani ya dakika hizo. Yangu sasa nimeiweka dakika 1.

Daftari

Nilichukua daftari la kawaida la mistari, nikalifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ili lisitembee. Kila kompyuta ilipokufa, mimi au kijana anayenisaidia tuliandika mambo manne: saa ngapi, nini kilikuwa kinafanyika dakika ile, imekufaje, na hali ya umeme na hewa ilikuwaje. Sentensi moja tu kila mara. Nakuomba sana hatua hii usiiruke. Ndiyo iliyoniokoa, na haina gharama.

"Imekufaje" ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa sababu kompyuta haifi kwa namna moja. Ikizimika ghafla, au ikajiwasha upya bila kusema neno, elekeza macho kwenye umeme na joto kwanza. Ikileta kioo cha bluu chenye maandishi, mfumo umewahi kuona kosa na umesimama kwa makusudi. Hapo mtuhumiwa huwa RAM, diski au draiva. Ikiganda, kipanya hakisogei na sauti inajirudiarudia, inaweza kuwa yoyote kati ya hayo. Ila kipanya kikiendelea kutembea huku taa ya diski imeng'ang'ania kuwaka na kila kitu kinachukua dakika nzima kufunguka, anza na diski.

Windows mara nyingi huwa imepangwa kujiwasha upya mara tu baada ya kioo cha bluu, hivyo maandishi yanapita hujayasoma. Izuie. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Siku ikitokea tena, ipige picha kwa simu. Maneno MEMORY_MANAGEMENT yanakuelekeza kwenye RAM. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR mara nyingi ni diski au kebo yake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni kifaa chenyewe kinalalamika, na joto na umeme vimo kwenye orodha ya washukiwa.

Kuna kumbukumbu nyingine inayowapoteza watu wengi. Ukiandika eventvwr kwenye kisanduku kile kile cha Windows na R utafungua kitabu cha matukio cha Windows, na humo utakuta kosa namba 41, Kernel-Power. Nilipoliona nilifurahi nikidhani nimempata mwizi. Kumbe tukio hilo linasema tu kwamba mara ya mwisho mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Ni kama hati ya kifo isiyotaja ugonjwa. Faida yake ni saa na tarehe: unazilinganisha na daftari lako.

Baada ya wiki mbili nilikuwa na mistari 17. Minne ilikuwa kati ya saa nane na saa kumi mchana, mashine ikiwa imefanya kazi tangu asubuhi. Miwili ilikuwa vioo vya bluu. Na 11 iliyobaki ilifanana kama mapacha: "tulikuwa tunatoa kopi." Nikairudia tena kwa kidole. Karibu yote ilitokea kwenye ukurasa wa kwanza, printa ikiwa imepumzika muda kabla ya hapo. Mambo matatu tofauti yalikuwa yamejificha chini ya lalamiko moja la "inajizima", na mimi nilikuwa natafuta dawa moja.

Vifo vya mchana

Nilianza na hivi kwa sababu joto ndilo rahisi kulithibitisha. Programu ya HWMonitor ilinionyesha prosesa ikipita nyuzi 90 saa tisa alasiri. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguza kasi kwanza, ikiendelea kupanda mashine inajizima ili isiungue. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wa kasha.

Anayeishi karibu na ziwa anawajua wale vidudu wanaopaa juu ya maji kama moshi wa shamba linalochomwa, hasa mwezi unapoandama. Jioni wanafuata taa, wanaingia madukani kwa maelfu, asubuhi unawafagia kama pumba. Feni ya kompyuta inawavuta wakiwa hai na wakiwa wamekufa. Juu ya mapezi ya bati yanayopoza prosesa nilikuta tabaka limeshikana kama godoro, vumbi na vidudu na unyevu. Feni ilikuwa inazunguka, lakini hewa haikuwa na pa kupita. Ukiwa na duka la namna hii mwambao, fungua kasha kila baada ya miezi mitatu, na jioni za vidudu zima taa iliyo karibu na mashine.

Usafishe kwa blowa ukiwa nje ya nyumba. Feni izuie kwa kidole isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kwa nguvu ya upepo beringi zake huumia na yenyewe inaweza kuzalisha umeme wa kurudi kwenye bodi. Brashi laini ya rangi inafaa kwenye kona. Usitumie kitambaa kibichi, na kila mara gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi ili umeme tuli wa mwili wako uishie hapo.

Kisha kuna pesti, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na bati la kuipoza. Yangu ilikuwa imekauka ikawa unga. Futa ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya dengu katikati, rudisha bati na ukaze skrubu kwa kupishanisha pembe. Ukiijaza kama siagi kwenye mkate inapoteza maana. Alasiri iliyofuata joto halikupita nyuzi 60, na vifo vya mchana havijarudi.

Nilifurahi, nikatangaza kwamba mashine imepona. Siku mbili baadaye mteja akaomba kopi.

Vioo vya bluu

Hapa sina mengi. Picha zote mbili zilikuwa na neno MEMORY_MANAGEMENT, nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikawasha mashine kupitia flashi hiyo na kuiacha usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na makosa mekundu. Kosa hata moja kwenye kipimo hiki ni kubwa, usilipuuze. Nina vipande viwili vya GB 2. Nikapima kimoja kimoja, nikakipata chenye shida, nikakichomoa na kusugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, nikapangusa, nikakirudisha hadi kikalia vizuri. Usiku wa pili makosa sifuri. Unyevu wa huku kwetu hufubaza meno hayo. Kama kingeendelea kutoa makosa ningekiondoa moja kwa moja, maana GB 2 nzima ni bora kuliko 4 zinazodanganya.

Siku hiyo hiyo niliitazama diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Unachotafuta ni namba ya sekta (vipande vya diski vilivyoharibika) zilizohamishwa na ya zile zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa sifuri, vizuri. Zikianza kupanda wiki hadi wiki, nunua diski nyingine na usisubiri ikufie. Yangu ilikuwa salama.

Printa inapoamka

Vifo 11 vya kopi vilikuwa vimewapoteza hata waliojua kuliko mimi. Kila aliyesikia "inakufa nikiprinti" alisema draiva ya printa. Iliondolewa, ikawekwa upya, ikatafutwa ya toleo jingine, na hakuna kilichobadilika.

Printa ya leza ina roli ndani yake inayopashwa moto ili kuyeyusha wino wa unga ushike kwenye karatasi. Printa ikipumzika, roli inapoa. Ukiiamsha, kipasha joto chake kinaweza kuvuta wati 500 hadi zaidi ya 1,000 kwa sekunde chache. Yangu ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta, ekstensheni nyembamba yenye matundu manne, nayo ikiwa imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Kila printa ilipoamka, umeme ndani ya waya ule ulishuka ghafla. Hata balbu ya dukani ilikuwa inafifia kidogo. Nilikuwa nimeiona miaka yote bila kuiwazia.

Nikafanya jaribio moja tu, bila kubadilisha kitu kingine. Nilichomeka printa kwenye soketi ya ukutani upande wa pili wa duka, kompyuta nikaiacha pale pale. Wiki nzima ilikufa mara mbili. Kabla ya hapo ingekuwa mara tano au sita. Kwa hiyo ekstensheni ilikuwa na kesi, ila haikuwa peke yake.

Pawa saplai, lile boksi la chuma ndani ya kasha ambako waya wa ukutani unaingia, kazi yake ni kuugeuza umeme wa volti 230 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Ndani yake kuna kapasita. Zifikirie kama tangi la maji juu ya mnara: bomba la mtaa likikatika kidogo, nyumbani maji yanaendelea kutoka. Pawa saplai nzima inatakiwa kuvumilia umeme ukikatika kwa takriban milisekunde 16 bila kompyuta kujua. Kapasita zikizeeka tangi linakuwa kikombe, na mshtuko mdogo tu wa printa unaangusha nyumba.

Usiifungue pawa saplai. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona vijana wakifanya: kapasita zake kubwa hubaki na umeme wa kuumiza hata baada ya kuchomoa waya. Mimi nilimulika tochi kupitia wavu wa feni, nikaona mbili zimevimba kichwa na moja imetoa uchafu wa kahawia. Kapasita nzima huwa bapa juu. Angalia pia zile za kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, hasa zinazozunguka prosesa. Bodi nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 ziliwekewa kapasita zenye kasoro, na mashine za umri huo bado zinazunguka huku kwetu.

Kama una multimita, kile kipimo cha umeme, pima ukitumia ile plagi ya matundu manne iliyo huru inayotoka kwenye pawa saplai ndani ya kasha, mashine ikiwa imewaka na inafanya kazi nzito. Weka multimita kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, waya mweusi kwenye tundu la mweusi, mwekundu kwenye lile la njano. Inatakiwa kusoma kati ya 11.40 na 12.60. Tundu la nyekundu lisome kati ya 4.75 na 5.25. Yangu ya njano ilisoma 11.2, na printa ilipoamka ilicheza chini zaidi ya hapo.

Nilinunua pawa saplai nyingine kwa 35,000, imetumika lakini nzito mkononi. Uzito una maana. Boksi lililoandikwa wati 500 ambalo ni jepesi kama ganda halina shaba wala vipoza joto vya kutosha ndani. Kabla ya kununua, azima kutoka kwenye kompyuta nyingine uipime wiki nzima. Mimi niliazima kwa jirani, mashine ikakaa siku saba bila kufa hata mara moja, ndipo nikatoa pesa.

Jambo moja zaidi, na hili ni la watu wa mji wetu wa mawe, Mwanza. Nilipokuwa nikigusa kasha nikiwa peku, lilikuwa linanitekenya. Nilidhani ni kawaida ya mashine za zamani. Fundi umeme aliniambia duka halina ethi inayofanya kazi, ile njia ya kupeleka umeme uliopotea ardhini: fito ya shaba ilipigwa juu ya mwamba, ikaingia kiganja kimoja tu, ikakatwa na kufukiwa. Jengo likikosa ethi, chujio la ndani ya pawa saplai linaacha kasha la chuma na umeme kidogo ambao hauna pa kwenda. Alitafuta sehemu yenye udongo nyuma ya jengo, akachimba mtaro, akaweka fito mbili zilizounganishwa, mkaa na chumvi vikafukiwa nazo. Mtekenyo ukaisha. Kama duka lako liko mlimani, uliza swali hili kabla ya kununua kifaa chochote cha kulinda umeme, maana vingi vinategemea ethi hiyo hiyo kutupa umeme uliozidi.

UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, ni nzuri na ninayo sasa, lakini chomeka kompyuta na kioo chake tu. Usithubutu kuchomeka printa ya leza kwenye UPS ndogo, kwa sababu mvuto wa roli utaizidi nguvu na utarudi pale pale. Na radi za ziwa hili zikianza kunguruma, chomoa plagi ukutani pamoja na kebo ya intaneti. UPS haizuii radi.

Kuhusu kuiacha mashine au kuendelea nayo: kama kapasita zilizovimba ziko kwenye mazabodi, kwa kompyuta ya umri huu mimi ningeacha kuitolea pesa. Kama ni pawa saplai, RAM, pesti au diski, itengeneze, bado ina miaka. Ila Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 14, 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025, hivyo mashine inayobaki na mifumo hiyo ni heri iwe ya kuchapa tu, bila benki wala barua pepe.

Yule binti alirudi mwezi uliofuata kutoa nakala za mwisho za kujalidi. Nilimwomba akae karibu nami tukiwa tunabonyeza. Printa ikaamka, balbu haikufifia, kurasa zikatoka. Ukiona na yako inakufa wakati kama huo, kesho asubuhi toa printa kwenye ekstensheni, ichomeke ukutani peke yake, na uandike kwenye daftari kitakachotokea kabla hujamwita mtu.